Kaya Iliyotambuliwa Mtaani Itambuliwe na Hospitalini

Hotuba kwa viongozi wa mitaa na vijiji, watendaji wa kata na wahudumu wa afya, jijini Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na mitaa, waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mashehe wetu, mapadri na wachungaji, mama zangu na baba zangu mliotoka Pangani, Mkinga na Muheza mkaacha shughuli zenu: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Nimeombwa kuzungumzia hifadhi ya jamii na afya ya mtoto. Kwenye ofisi zetu haya ni mambo mawili, yana milango miwili, maafisa wawili na madaftari mawili. Nyumbani kwa mama wa Tongoni au Mabokweni ni jambo moja. Mtoto akiumwa, fedha ya unga inakwenda kwenye dawa. Unga ukikosekana mtoto anadhoofu, na akidhoofu ataumwa tena. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na kazi yangu imekuwa kukaa katikati ya milango hiyo miwili nikiwaona akina mama wanavyozungushwa.

Nina dai moja leo. Kaya ikishatambuliwa mtaani kuwa haina uwezo, isilazimishwe kuthibitisha umaskini wake upya mbele ya dirisha la hospitali.

Wengi wenu mmesimamia mikutano ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, kwa hiyo mnajua kaya inaingiaje. Kwanza mkutano wa hadhara unataja kaya zenye hali ngumu kuliko nyingine, na mwenye kaya yupo hapohapo anasikia akitajwa. Kisha anakuja mtu na dodoso: mnakula mara ngapi kwa siku, paa ni la makuti au la bati, mnapikia nini, maji mnachota wapi, watoto wangapi wanasoma. Majibu yanakwenda juu, yanachambuliwa, majina yanarudi, na mkutano unasomewa tena ili aliyeingizwa kimakosa atolewe. Mwanamke anakaa pale amejitanda mtandio wake, huku hali ya nyumba yake ikijadiliwa na watu atakaokutana nao kesho bombani. Kwa mtu wa Pwani aliyelelewa kusitiri mambo ya ndani, hilo ni zito sana. Amelivumilia kwa ajili ya watoto.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianzishwa mwaka 2000, na mpango huu wa ruzuku kwa kaya ukaanza mwaka 2012. Kipindi cha pili kilizinduliwa mwaka 2020 kwa nia ya kufika vijiji, mitaa na shehia zote za nchi. Kaya zilizoingia ni zaidi ya milioni moja. Kwa maneno mengine, taifa limekwisha kufanya kazi ngumu kuliko zote, ile ya kumtafuta maskini nyumba kwa nyumba na kumwandika jina.

Na ruzuku ile ina masharti. Mtoto wa chini ya miaka 5 apelekwe kliniki. Mwanafunzi ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Asiyetimiza anaweza kukatwa. Mimi siyapingi masharti hayo, yamewafikisha kliniki watoto ambao tusingewaona. Lakini tuwe waadilifu. Tumemwambia mama kwamba asipomleta mtoto tutamkata. Basi anayo haki ya kutuuliza: na nikimleta, mtanipokea?

Tumetoka mbali, na lazima tuliseme hilo kwa haki ya wauguzi na wahudumu waliomo humu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 112 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 43. Chanjo, vyandarua, dawa mseto ya malaria, wakunga waliokesha: hiyo ndiyo kazi iliyofanyika. Ila 43 kati ya 1,000 bado ni misiba mingi. Na asilimia 30 ya watoto wa umri huo wamedumaa. Udumavu hauponywi kwa vidonge, unahitaji chakula, maji safi na matibabu ya mapema vikutane katika nyumba moja.

Sasa nije kwenye msamaha wa gharama za matibabu. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya 1990, sera yetu imesema kwamba mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo watibiwe bure. Ni sera njema. Lakini mtoto akipita miaka mitano tu, anatoka kwenye mlango huo bila kuonyeshwa mwingine. Kati ya miaka mitano na kumi na minane, mtoto wa maskini anahesabiwa kama mtu mzima mwenye mfuko wake.

Kuna bibi mmoja, sitataja mtaa wake wala hospitali aliyokwenda. Analea wajukuu. Mmoja, mwenye miaka saba, alipanda mwembe msimu wa maembe akaanguka, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Bibi alimfunga mkono kwa kipande cha kanga na fito mbili, akapanda naye daladala. Dirishani akaambiwa alipie picha ya eksirei kwanza. Akafungua pindo la kanga akatoa kitambulisho chake cha TASAF, kimekunjika pembe, akakiweka juu ya kaunta. Karani akakitazama, akamrudishia, akasema hiki si cha hapa. Akaelekezwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa, igongwe muhuri na mtendaji, kisha aende ofisi ya ustawi akahojiwe. Mwenyekiti alikuwa mazikoni Pangani. Mtendaji alikuwa kwenye kikao cha kata. Barua ilipokamilika, mkono ulikuwa umekwisha kuanza kuunga ukiwa umepinda. Nilimwona mtoto yule baadaye. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, na si kwa sababu ndivyo alivyozaliwa.

Kila mtu aliyehusika alifuata utaratibu. Karani alifuata utaratibu. Mwenyekiti alikuwa kwenye msiba, na msiba ni wajibu. Nimelifikiria sana jambo hili na sioni mtu mmoja wa kumlaumu. Ninachokiona ni kwamba yale maswali ambayo afisa ustawi angemuuliza yule bibi yalikwisha kuulizwa na kujibiwa, yapo kwenye mfumo wa serikali hiyohiyo, na hakuna aliyeyafungua.

Na tumuelewe karani pia. Hospitali ikimsamehe mgonjwa, gharama yake hairudishwi na mtu. Glovu zimetumika, filamu imetumika, dawa ya ganzi imetumika, na kwenye kitabu cha mapato pameandikwa sifuri. Zahanati inayosamehe wengi ndiyo inayoishiwa dawa mapema, na hapo ndipo mama anaposikia yale maneno tunayoyajua wote: huduma ni bure, lakini dawa hakuna, kanunue nje. Akifika duka la dawa, hakuna msamaha. Ndiyo sababu nasema msamaha peke yake hautoshi. Mtoto wa kaya maskini anatakiwa awe na bima iliyolipiwa, ili kituo kikimtibu kiandike dai na kilipwe. Hapo hata mtu wa dirishani anabadilika, kwa kuwa mgonjwa aliyelipiwa ni mgonjwa anayekaribishwa.

Mtaniambia ipo CHF. Ni kweli ipo, na naiheshimu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001, na mwaka 2018 ukaboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani mpaka Bombo kwa sisi wa hapa. Tatizo la kwanza ni hao sita. Yule bibi ana wajukuu saba. Ukimwambia achague watano wa kuingia naye kwenye kadi, unamwambia awapange wajukuu wake kwa thamani. Nimewahi kumsikia mama mmoja akisema amemwacha nje yule ambaye haumwiumwi sana. Kauli kama hiyo mzazi hapaswi kuitoa.

Tatizo la pili ni majira, na hapa naomba wavuvi waliomo humu wanisaidie. Kaya ya pwani haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Kaskazi ikivuma bahari ni tulivu, vyombo vinatoka, samaki wanapatikana, na fedha ipo. Kusi ikiingia, mawimbi ni makubwa, ngalawa nyingi zinakaa ufukweni. Na kusi inaingia pamoja na masika. Baada ya mvua kuna madimbwi, mbu wanazaliana, na malaria inapanda. Kwa hiyo ugonjwa unafika nyumbani wakati mfuko umekauka. Ukipita Sahare mwezi wa tano ukadai 30,000 kwa mkupuo, utaambiwa hawana, na watakuwa wamesema kweli. Ukipita Januari, au ukikubali elfu tano tano, utapata wengi. Wale wa mashamba ya mkonge nao wana hesabu yao, kibarua analipwa kwa alichokata, na siku ya kuumwa hakati. Wa Muheza wanasubiri machungwa. Michango ikusanywe wakati watu wana kitu mkononi. Hili linaweza kuamuliwa ndani ya halmashauri.

Lakini kwa kaya iliyoko TASAF, mimi naona si haki kabisa kudai mchango huo. Ruzuku inalipwa kila baada ya miezi miwili na ni ndogo, imekusudiwa chakula na daftari la shule. Ukiirudisha serikalini kwa njia ya CHF umempa mama kwa mkono huu na kumnyang'anya kwa mwingine. Kaya hizi zilipiwe.

Na kulipiwa si ndoto, kumefanyika hapahapa. Mwaka 2012 ulianza mradi wa Tumaini la Mama katika mikoa miwili, Mbeya na Tanga, kwa fedha za Ujerumani kupitia benki ya KfW na kwa usimamizi wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mjamzito asiye na uwezo alikuwa akifika kliniki anaandikishwa bima ya NHIF, na familia yake inaingizwa CHF. Bila shaka wamo humu akina mama waliojifungua kwa kadi ile. Uzuri wake ulikuwa kwamba mama hakutumwa ofisi nyingine. Mahali alipopimwa mimba ndipo alipopata bima. Upungufu wake ni ule wa mradi wowote, fedha ilikuwa ya mgeni na ilikuwa na tarehe ya mwisho. Ila sisi wa Tanga hatuwezi kusema hatujui inavyofanyika.

Ghana wamekwenda mbele kidogo. Kule kuna ruzuku ya kaya maskini inayoitwa LEAP, iliyoanza mwaka 2008, na bima ya afya ya taifa. Waliamua kwamba aliyemo LEAP asilipe mchango wa bima. Uandikishaji uliongezeka, lakini wengi bado walibaki nje. Kadi inahitaji kuhuishwa kila mwaka, na ofisi iko mbali, nauli inamshinda mtu. Hili tulizingatie mapema. Haki iliyoandikwa kwenye waraka, kama kuipata kunahitaji nauli ya kwenda na kurudi mjini, kwa mtu wa Kigombe au Moa ni kama haipo.

Sheria tunayo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Ndani yake upo mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na vimetajwa vyanzo vya fedha zake, miongoni mwake ushuru wa vinywaji baridi, pombe na vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Swali linalobaki ni la kazi yenu: asiye na uwezo ni nani, na nani atamwandika? Tukianza kutafuta upya, miaka itapita tukiwa kwenye madodoso. Orodha ipo. Tuanze nayo.

Sisemi orodha haina kasoro. Inazeeka. Kaya ikiandikwa leo, mtoto atakayezaliwa mwakani hayumo mpaka taarifa zihuishwe, na yeye ndiye anayehitaji huduma kuliko wote. Mtoto aliyeletwa kutoka Kilindi akae na shangazi yake Makorora baada ya mama kufariki, hayumo. Kaya iliyokosewa siku ya mkutano kwa sababu baba alikuwa baharini, haimo. Na kuna kaya zinazoambiwa zimehitimu, hali yao imeboreka, ruzuku inasimama. Nawapongeza waliohitimu. Ila mfugo mmoja wa kuku ukifa kwa kideri, na mtoto mmoja akalazwa wiki mbili, kaya iliyohitimu inarudi ilikotoka. Bima ya watoto isikatwe siku ruzuku inapokatwa. Wapewe muda.

Sasa, mnaweza kufanya nini kabla ya waraka wowote kutoka Dodoma? Mengi kuliko mnavyodhani.

Wenyeviti na watendaji, barua ya utambulisho kwa kaya iliyoko TASAF iandikwe mapema, kabla mtu hajaumwa. Kaya zinajulikana, majina mnayo. Kila kaya iwe na barua yenye muhuri na majina ya watoto wote, ikae nyumbani pamoja na kadi za kliniki. Msisubiri mtu aje na mtoto mgongoni amepata degedege ndipo mtafute wino.

Waganga wafawidhi, muwe na nakala ya orodha ya kaya za eneo lenu. Naomba sana, isibandikwe ukutani. Ikae kwenye droo ya mhudumu mmoja anayejua kutunza siri. Mama akifika aulizwe jina kwa sauti ya kawaida, litazamwe, mambo yaishe. Tumemvunjia heshima kwenye mkutano wa hadhara, tusimrudie foleni nzima ikisikiliza.

Kuhusu watoto wachanga, cheti cha kuzaliwa ndicho mwanzo wa kila kitu. Pale ambapo usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano unafanyika kwenye kituo cha afya na ofisi ya kata, cheti hakilipiwi. Mtoto aondoke na cheti mikononi mwa mama yake, na wiki hiyohiyo jina lifike kwa mwezeshaji wa TASAF. Baada ya chanjo za siku ya kuzaliwa, zinazofuata ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hizo ni nafasi tatu za kumuuliza mama: mtoto huyu ameandikwa kwenye kaya? Muuguzi akiuliza hivyo huku anachanja, haongezi hata dakika mbili.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ninyi ndio kiungo chenyewe. Mwaka 2024 taifa lilizindua mpango wa kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Zamani siku ya malipo ya ruzuku kaya zote zilikusanyika, na mtu wa afya alipata wasikilizaji pale pale. Sasa wengi wanalipwa kwa simu. Ni salama zaidi, mama haibiwi njiani, nakubali. Lakini ule mkusanyiko umepungua, na hatujaweka kitu mahali pake. Mkipita nyumba hizo ndani ya wiki ya malipo mtawakuta na utulivu kidogo wa kusikiliza habari za lishe, chandarua, na yule mtoto anayekohoa tangu mwezi uliopita.

Nauli nayo. Mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga wakipata dharura, namba 115 ya m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura, ni bure na gari linakuja. Kuna mitaa humu ambayo namba hiyo haijulikani, na hilo tulimalize wiki hii, msikitini na kanisani. Lakini mtoto wa miaka minne akishikwa na degedege usiku Chongoleani, mfumo ule haukutengenezwa kwa ajili yake. Bodaboda wa usiku anataka fedha mkononi. Mitaa inaweza kuelewana na madereva wake, wawili au watatu waaminifu, na mfuko mdogo wa dharura wa kumlipa dereva asubuhi. Vikundi vya akiba vya akina mama vinajua kutunza mfuko wa jamii kuliko sisi wenye shahada. Waulizwe wao, waheshimiwa, na waachiwe wauendeshe.

Jambo la mwisho ni kwa waheshimiwa madiwani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mzazi wajibu wa kumtibu mtoto. Mzazi huyo akishindwa kwa sababu ya umaskini, halmashauri haiwezi kuishia kumkumbusha wajibu. Naomba kwenye bajeti ijayo kuwe na kasma inayojitegemea ya kuzilipia CHF kaya zote za TASAF zenye watoto, pamoja na nyongeza kwa kaya zinazozidi watu sita. Hesabu yake si ngumu: idadi ya kaya mnayo, mara 30,000. Ikishindikana zote, anzeni na zenye mtoto wa chini ya miaka kumi. Ila iandikwe kwenye bajeti, isibaki kwenye hotuba.

Waganga wafawidhi kadhaa wameniambia wako tayari kuanza na orodha hiyo kwenye vituo vyao bila kungoja. Daftari liko mezani kwa katibu, pale mlangoni. Kila mtendaji wa kata aandike jina lake, zahanati anayoshirikiana nayo, na idadi ya kaya za mpango zilizo na watoto. Asiyeijua idadi ajaze nafasi hiyo kufikia Ijumaa ijayo, mimi mwenyewe nitapita kuichukua.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naomba tuanze maswali, na kama itakubalika, akina mama wa nyuma waanze.